Namba moja si ya kila nyumba

Jumapili iliyopita nilishinda Kiponda, mtaa wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, nikihesabu milango. Mkononi nina karatasi nne za A4 nilizozigandisha kwa seloteipu, ramani ya mtaa niliyoitoa kwenye printa ya duka la fotokopi ninakofanya kazi, na kalamu mbili. Ya bluu ni ya nilichokiona kwa macho yangu, nyekundu ni ya nilichoambiwa. Simu ninayo, lakini ndani ya vichochoro vya Mji Mkongwe simu haina msaada mkubwa. Kuta ni ndefu, njia nyembamba, mbingu unaiona kama utepe, na ile nukta inayokuonyesha ulipo inarukaruka mpaka inaingia uani kwa watu mtaa wa pili. Basi nahesabu milango kuanzia pembeni: wa kwanza, wa pili, cherehani ya fundi, wa nne, mskiti.

Kazi iliyonipeleka ilikuwa ya kufuta. Kufuta nilichoandika mwenyewe kwenye ramani ya OpenStreetMap.

Kwa ambao hamjaizoea, OpenStreetMap ni ramani ya dunia nzima iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004. Mtu yeyote akifungua akaunti anaweza kuihariri, na mtu yeyote anaweza kuchukua data yake akaitumia bila kulipa. Kila nyumba ni umbo, na chini ya umbo kuna tagi: neno upande wa kushoto, alama ya sawasawa, jawabu upande wa kulia. Jengo lolote linaanza na building=yes. Halafu unaongeza jina, idadi ya sakafu, mwaka lilipojengwa, kadiri unavyojua.

Jengo au eneo lililoandikwa rasmi kuwa urithi lina tagi yake, heritage, na jawabu lake ni namba. Namba hiyo inafuata ngazi za utawala. Moja ni dunia, mbili ni taifa, na zinazofuata ni za mikoa, majimbo na miji. Pembeni yake unaweka heritage:operator, yaani nani aliyeliandika. Kama ni UNESCO unaandika whc, kisha unaweka ref:whc, ambayo ni namba ya mahali hapo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mji Mkongwe wa Zanzibar ni 173. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ni 144, Lamu ni 1055, Ngome ya Yesu ya Mombasa ni 1295. Namba hizi ninazo kichwani kama wengine walivyo na namba za simu za dada zao.

Miaka kadhaa nyuma, nilipoanza, nilikuwa nikirudi kutoka kazini usiku nafungua kompyuta na kuchora mtaa baada ya mtaa. Kiponda, Hurumzi, Mkunazini nilikozaliwa. Kila nyumba ya mawe niliyoichora niliiwekea heritage=1. Niliona ndiyo haki yake. Nyumba imesimama zaidi ya miaka mia, imebeba vizazi, ina mlango wa nakshi na baraza ambayo wazee wameisugua kwa kuikalia hadi inang'aa, nani atasema si urithi? Nilipita hivyo nyumba zaidi ya mia mbili.

Kijana mmoja wa chuo ndiye aliyenizindua. Alikuwa akitengeneza ramani ya maeneo ya Urithi wa Dunia ya Tanzania kwa kazi yake ya masomo, akaiuliza data ya OpenStreetMap impe kila kitu nchini chenye namba 1. Tanzania ina maeneo saba katika orodha hiyo: Ngorongoro, Serengeti, Kilwa, Selous, Kilimanjaro, Mji Mkongwe na michoro ya miambani ya Kondoa. Yeye akapata mia mbili na ushei, karibu zote zimerundikana mahali pamoja kama kunguru Forodhani. Akanitumia picha ya ramani yake na swali moja la adabu: "Dada, hizi zote kweli?"

Si kweli. UNESCO mwaka 2000 iliandika mji. Iliandika mpangilio wa vichochoro, nyumba zikiegemeana, Uswahili, Uarabuni, Uhindi na Ulaya vikikutana mahali pamoja, na kumbukumbu ya biashara ya utumwa na kukomeshwa kwake. Eneo lenyewe ni hekta 96. Namba 1, kwa hiyo, ni ya mpaka ule mmoja unaozunguka hekta 96, pamoja na whc na 173 yake. Nyumba ya fulani hapo Kiponda imo ndani ya urithi, lakini yenyewe haikuandikwa na UNESCO peke yake. Kuwamo ndani ya mpaka, kompyuta inaweza kujua kwa kupima. Haihitaji niandike mara mia mbili.

Na madhara yake si kwa wanafunzi tu. Nilipozipa zote namba moja, nilizifanya zote ziwe sawa: jumba la mawe lenye boriti zake za asili, na lile la matofali ya saruji lililojengwa juzi pembeni yake, kwa sababu usiku ule kwenye picha ya angani yote mawili yalikuwa mabati tu. Mtu akija kesho na nia njema, anataka kujua nyumba zipi za kale ziko hatarini, data yangu haimwambii kitu. Mapenzi yangu yaliipoteza ile nyumba iliyohitaji kuonekana.

Kwa hiyo nafuta. Nyumba moja moja, kwa miguu, kwa sababu sitaki kufuta kwa pupa kama nilivyoandika kwa pupa.

Namba 2 nayo ina mtihani wake hapa kwetu. Mambo ya kale si mambo ya Muungano. Bara wana sheria yao ya mambo ya kale ya mwaka 1964, na Zanzibar ina sheria zake na mamlaka yake ya Mji Mkongwe, iliyoundwa mwaka 1985. Sasa jengo lililoandikwa na mamlaka ya Zanzibar ni la ngazi ya taifa, au ni la ngazi iliyo chini yake? Namba zile zilipangwa na watu waliokuwa wakifikiria nchi zenye umbo jingine. Ninachofanya ni kuandika jina kamili la mamlaka kwenye heritage:operator, herufi kwa herufi, ili hata kama wenzangu wataamua baadaye kubadilisha namba, isipotee habari ya nani aliyeamua. Hilo kwangu ndilo jambo lenyewe. Tagi hii haisemi jengo ni zuri au nalipenda kiasi gani. Inasema kuna watu wenye mamlaka walikaa, wakaliandika, na wanaweza kuulizwa.

Wengine wananiambia, si kuna vitabu vyenye ramani za kila nyumba na daraja lake, nakili tu. Hairuhusiwi. Data ya OpenStreetMap ni ya wote, na ndiyo maana huwezi kuingiza kitu chenye mwenyewe bila ruhusa yake ya maandishi. Si kutoka kitabuni, si kutoka Google. Kibao kilichobandikwa ukutani unaweza kukisoma, kwa sababu umekiona wewe. Mzee wa baraza unaweza kumsikiliza. Ndiyo maana ya kalamu mbili.

Sasa niwaeleze kuhusu mlango.

Kuna nyumba Kiponda ambayo mlango wake nimeupita tangu niko skuli. Ni mlango wa mbao nzito, wa mabamba mawili. Kwenye fremu kuna mnyororo umechongwa ukipanda, samaki chini kabisa, na katikati mfaa, yaani ule ubao wa wima baina ya mabamba, wenye maua madogo yaliyojaa vumbi. Kizingiti cha juu kina maandishi ya Kiarabu, na mwishoni tarakimu nne. Siku zote nilijua ni mwaka. Jumapili nilipanda juu ya baraza nikafuta vumbi kwa kitambaa, nikasoma: ١٣٠٧. Moja, tatu, sufuri, saba. Mwaka 1307 wa Hijria ulianza Agosti 1889 na kumalizika Agosti 1890. Mwili ulinisisimka. Nyumba nyingi za hapa hazina mwaka wowote unaoaminika, na hii imeubeba kichwani mwake. Nilitoa kalamu ya bluu niandike start_date=1889..1890, nukta mbili katikati zikiwa na maana ya "baina ya".

Kulikuwa na mzee amekaa baraza ya pili yake, ana kahawa. Nilikuwa nimeshamwamkia.

"Mwanangu, unapima nyumba? Zinauzwa?"

"Hapana Babu. Naandika kwenye ramani mlango huu wa zamani. Umeandikwa mwaka."

"Elfu moja mia tatu na saba."

"Ndiyo Babu. Basi nyumba imejengwa mwaka huo."

Akaweka kikombe chini. "Nani kakwambia? Mlango huo umekuja hapa mimi nikiwa mdogo. Umebebwa na mahamali wanane kutoka Mkunazini, nyumba yake ilianguka. Sisi watoto tulikuwa tunaufuata nyuma. Hii nyumba ilikuwa na mlango mwengine, wa kawaida tu."

Nilisimama pale na kalamu mkononi. Kama asingekuwepo, au kama ningeogopa kumsemesha, ningeipa nyumba umri wa mlango wa nyumba nyengine, na baada ya mwaka mmoja kosa langu lingekuwa limeshanakiliwa kwenye programu kumi za simu na hakuna wa kujua limetoka wapi. Milango ya hapa inauzwa, inahamishwa, inarithiwa. Mingine imevuka bahari. Mlango una umri wake na ukuta una umri wake.

Jinsi nilivyoandika mwishowe ni hivi. Kwenye umbo la nyumba, pale hasa mlango ulipo, niliweka nukta ya entrance=main, yaani mlango mkuu, na mwaka nikauweka kwenye nukta hiyo, si kwenye nyumba. Kisha kwenye maelezo nikaandika kwa Kiswahili kwamba mlango, kwa kauli ya mkaazi wa mtaa, ulihamishwa kutoka Mkunazini. Hiyo kwenye karatasi yangu ni nyekundu. Nyumba yenyewe imebaki bila mwaka, na ni bora ibaki hivyo.

Mzee aliniuliza kama jina la nyumba nimeandika. Nikamwambia kwenye ramani imeandikwa jina la biashara moja ya kitalii iliyopanga chini. Hakupenda, na mimi sikupenda. Kuna nyumba kadhaa ambazo jina la ofisi ya wapangaji limewekwa juu ya jina la jumba. Biashara ni haki yake kuwepo ramanini, lakini iwe nukta yake ndani ya nyumba, na jumba libaki na jina linaloitwa na watu. Nimelirudisha. Wakilibadilisha tena nitalirudisha tena.

Na hapa niseme kidogo kuhusu neno mnara, kwa sababu linatuponza sisi tunaochora kwa Kiswahili. Mnara kwetu ni wa mskiti, ni wa taa ya bahari, ni wa simu, na ni wa kumbukumbu. OpenStreetMap inavitenganisha vyote. Ule mskiti wa Malindi wenye mnara wa umbo la pia na mistari ya kupindapinda, mnara wake ni sehemu ya mskiti. Niliwahi kuukuta umetiwa historic=monument, nadhani na mwenzetu aliyetafsiri neno badala ya kutazama kitu. Monument ni jengo la ukumbusho, kubwa, mara nyingi mtu huweza kuingia ndani. Memorial ni ndogo: kibao, sanamu, jiwe. Pale Mkunazini kwenye kanisa la Kianglikana, lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, zile sanamu za watu watano zilizofungwa minyororo ndani ya shimo, kazi ya Clara Sörnäs ya mwaka 1998, ni memorial. Kanisa ni kanisa. Vitu viwili, tagi mbili, hatua chache tu baina yao. Ukiunganisha kimoja kwenye kingine, mgeni anayetafuta sanamu atazunguka kanisa lote.

Upande wa pili wa barabara ya Benjamin Mkapa, ambayo watu wengi bado wanaiita Creek Road kwa sababu kweli palikuwa na mkono wa bahari hapo, kuna Ng'ambo. Bibi yangu mzaa mama ametoka huko. Kuna nyumba Ng'ambo zenye historia nzito, lakini ziko nje ya zile hekta 96. Sizipi heritage. Naziandikia mwaka kama upo, jina kama lipo, nyenzo za ukuta. Siku wakiziandika rasmi, taarifa itakuwa tayari inawasubiri.

Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu mbele ya bahari, ndiyo jengo lililonifundisha kwamba ramani hii inatakiwa iseme hali ya leo. Sayyid Barghash alilijenga mwaka 1883. Lilipigwa mizinga tarehe 27 Agosti 1896 katika vita vile vya chini ya saa moja, kasri jirani yakateketea, lenyewe likasimama, na baada ya hapo likaongezewa mnara wa saa kwa mbele. Tarehe 25 Desemba 2020, wakati wa ukarabati, sehemu ya mbele ikaporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakafariki. Usiku ule niliifungua ramani nikalitazama lile umbo la mstatili mbele ya bahari, zima kama lilivyochorwa, nikashindwa kuligusa. Kuufuta ule upande kulikuwa kama kushuhudia mara ya pili. Nilikaa wiki mbili. Halafu nikaandika kwenye maelezo tarehe na upande ulioanguka, nikaliacha umbo, kwa sababu jengo bado lipo na kazi ya kulirudisha ipo. Mwaka 1883 haujaondoka pale.

Zipo ambazo hazirudi, na hizo ndizo zinazonikosesha usingizi. Nyumba hizi ni mawe ya matumbawe na chokaa, dari zake boriti za mikoko. Chokaa inapumua. Ukiipiga plasta ya saruji juu yake maji yanaingia na hayatoki, yanakaa ndani ya ukuta, boriti zinaoza kwenye ncha zake, na siku moja ya masika ukuta unakaa chini. Nyumba moja upande wa Kajificheni ilikwenda hivyo. Haikuwa na jina wala kibao. Wenyewe walikuwa wameshahama, alhamdulillah.

Niliiondoa kwenye ramani wiki ile ile. Baada ya miezi miwili ikarudi. Mtu wa mbali, Ulaya, alikuwa akijitolea kuchora kutoka kwenye picha za angani. Zile picha nzuri za drone zilizopigwa Unguja na Pemba kuanzia mwaka 2016 ni neema kwetu, tumechorea kila kitu, lakini ndani yake nyumba ile bado imesimama na bati lake lenye kutu. Aliona paa ambalo halijachorwa, akalichora. Simlaumu hata kidogo. Nilimwandikia, nikamtumia picha, akaomba radhi na kuifuta. Baada ya miezi minane akaja mwengine akaichora tena.

Ndipo nilipojua kwamba kufuta kabisa ni kosa. Kitu kilichofutwa hakisemi kwamba kilifutwa, kinaacha uwazi tu, na uwazi unamwita mchoraji. Sasa umbo nimelirudisha mwenyewe, lakini badala ya building nimeandika razed:building, yaani jengo lililokwisha kuondoka. Halionekani kwa mtu anayetafuta njia ya kwenda sokoni. Anayehariri ndiye analiona, na maelezo yanamwambia: imeanguka, usichore kutoka picha ya 2016.

Jumapili, baada ya Kiponda, nilipita huko. Kifusi kimeondolewa, watoto wanacheza mpira. Kwenye ukuta wa jirani alama zote zipo: chokaa ya rangi ya buluu ya chumba cha juu, kidaka kimoja kilichobaki nusu, na mashimo ya boriti yaliyopangana, safu mbili, moja juu ya nyengine. Boriti haizidi sana mita tatu, ndiyo maana vyumba vya hapa ni virefu na vyembamba, na kwa mashimo yale unaweza kuona vyumba vilikuwa vinaelekea wapi. Safu mbili za mashimo, na juu kabisa mstari wa paa. Sakafu tatu, basi. Siku zote kwenye ramani ilikuwa haina idadi ya sakafu, kwa sababu ilipokuwa imesimama hakuna aliyewahi kuzihesabu, hata mimi niliyepita chini yake kila siku kwenda skuli. Niliyahesabu mashimo mara mbili, safu ya chini kumi na moja, ya juu kumi na moja. Nikatoa karatasi na kalamu ya bluu, nikaandika 3.